Anayeogopa kupanda meli asichekwe, ajibiwe

Kila likizo ya mwisho wa mwaka inapokaribia, mazungumzo ya aina moja hurudi katika familia nyingi za bara. Kijana aliyepata kazi Unguja anamwalika mama yake akamwone mjukuu. Nauli ya boti atalipa yeye, safari yenyewe kutoka Dar es Salaam ni ya saa mbili hivi, na bandarini watampokea. Mama anashukuru, anasema atatafakari. Wiki ya kwanza inapita, ya pili inapita. Mara kuna msiba kwa jirani, mara goti linasumbua. Mwishowe ukweli unatoka: hajapata kupanda chombo cha majini maisha yake yote, na anaogopa.

Hapo vicheko huanza. Ataambiwa ni ushamba. Ataambiwa siku ya mtu ikifika hufia hata kitandani. Ataonyeshwa kwenye simu picha za wazee wa Kizungu waliokuja Unguja kwa meli kubwa za kitalii, wanaokaa baharini wiki mbili kwa starehe na kuogelea kwenye bwawa lililo humo humo melini. "Na wewe saa mbili tu zinakushinda?" Wanaomwambia hivyo wanadhani wanamtia moyo. Kumbe wamemfunga mdomo.

Nasimama upande wa mama huyo. Hofu yake ina sababu, na sababu zenyewe zimezikwa katika ardhi ya nchi hii. Tena maswali anayotaka kuyauliza kabla ya kupanda ndiyo hasa ambayo, kama yangekuwa yanajibiwa kila siku kwenye kila gati, maelfu ya ndugu zetu wasingekufa maji.

Wanachokikumbuka watu

Mtu aliyekulia Kagera au Mwanza hahitaji kusimuliwa habari za 21 Mei 1996. MV Bukoba ilikuwa imeruhusiwa kubeba abiria wapatao 430. Ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo, na asubuhi ikiwa njiani kuelekea Mwanza ikapinduka. Waliokufa walizidi 800. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa kwenye orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha yoyote. Kwa maneno mengine, watu maskini kuliko wote katika meli ile ndio ambao hakuna karatasi iliyowatambua. Wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja Igoma, Mwanza, na zipo familia ambazo hazikupata hata mwili wa kuuzika.

Miaka 15 baadaye, usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, ikawa zamu ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilizama katika mkondo wa Nungwi. Meli ile ilisajiliwa kubeba abiria 600. Siku za mwanzo tulitajiwa vifo vya watu 203, kwa kuwa hiyo ndiyo idadi ya miili iliyopatikana. Tume iliyoundwa Zanzibar ilipomaliza kazi yake, ikabainika kwamba waliopanda walizidi 2,000 na kwamba waliokufa na kupotea walizidi 1,500. Habari za siku zile zilieleza pia kuwa wapo waliokataa kupanda baada ya kuona jinsi meli ilivyofurika. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sijui mfano wenye uzito kuliko huu.

Haukupita mwaka. Tarehe 18 Julai 2012, zikiwa zimebaki siku chache tu Ramadhani kuingia, MV Skagit ilipinduka karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Ilikuwa boti ambayo awali ilihudumu katika maji tulivu ya Seattle, Marekani, na sasa ilikuwa ikivuka mkondo wetu wakati wa kusi. Kisha 20 Septemba 2018, MV Nyerere, kivuko kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara. Ilikuwa siku ya gulio, na abiria walikuwa wakirudi kutoka Bugorora. Walikufa watu 228, wakaokolewa 41. Jirani zetu wa Mombasa nao wana 29 Aprili 1994, siku ambayo kivuko cha Mtongwe kilipinduka mita chache kutoka ukingoni kikiwa kimezidisha abiria, wakafa 272.

Yasome matukio hayo kwa mfululizo, utaona jambo linalorudi katika karibu yote: watu walizidi, na hakuna aliyejua wamezidi kwa wangapi. Baada ya kila msiba tumeambiana ajali haina kinga. Methali hiyo inamfaa aliyepigwa na radi shambani. Chombo cha watu 101 kilichopakia zaidi ya 260 kilikuwa na kinga, nayo ni mtu mmoja mlangoni mwenye kidaftari, kalamu, na mamlaka ya kusema "imetosha, wengine safari ijayo."

Kwa nini idadi ni uhai

Anayesafiri kwa mara ya kwanza huogopa mawimbi, kwa sababu ndiyo anayoyaona. Aliyezoea chombo huogopa uzito uliokaa juu. Meli husimama wima kwa sababu uzito wake mwingi uko chini, kwenye injini, mafuta na shehena ya ngamani. Kila mtu anayeongezwa kwenye sitaha ya juu, na kila gunia linalopangwa juu ya paa, hupandisha uzito huo, na chombo huanza kuchelewa kujiinua kila kinapolala upande. Ongeza hapo tabia yetu sisi abiria: gati likionekana, wote tunasimama na kusogea upande mmoja tuwahi kushuka. Chombo kilichopakiwa sawasawa huvumilia. Kilichozidishiwa hakiwezi.

Maji yaliyoingia ndani huongeza balaa jingine. Aliyewahi kubeba kichwani ndoo isiyojaa anajua: maji huenda na kurudi, na kila yanapokwenda huvuta shingo upande huo. Sitaha ya magari iliyoingiwa na maji hufanya vivyo hivyo kwa meli nzima, na kinachofuata ni suala la dakika. Muda huo haumtoshi mtu kuanza kutafuta mlango uko wapi, jaketi la kuokolea limefungwa wapi, na la mtoto liko kwa nani.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaojibu hofu ya meli kwa kutaja ajali za barabarani. Ni kweli kwamba mabasi na bodaboda huua Watanzania wengi kila mwaka, na mama yetu anazijua ajali hizo. Lakini dereva akikimbiza gari kupita kiasi, abiria anaweza kupiga kelele, na wenzake wakaungana naye. Anaweza kusema "konda, nishushe hapa," akashuka na kusubiri gari jingine. Baharini hakuna kituo. Kamba ikishafunguliwa, maisha yake yote yako mikononi mwa nahodha, mwa fundi, na mwa yule aliyesimama mlangoni akihesabu au asihesabu. Uwezo wa abiria unaishia gatini. Basi anapogoma gatini, anautumia uwezo wake mahali pekee alipo nao.

Mama mdogo na mabaharia wawili

Mama yangu mdogo, mzaliwa wa Muleba, alisafiri kwenda Unguja kwa ajili ya harusi ya mwanafamilia. Nilikuwa naye. Pale mlangoni akamsimamisha baharia kijana, akamuuliza kwa upole wa watu wa kwetu: "Mwanangu, humu mnaruhusiwa watu wangapi? Na leo tumo wangapi?" Kijana akacheka. "Ingia tu, mama, nafasi ipo kibao." Nyuma yetu watu wakaanza kusukuma na kulalamika kwamba bibi anachelewesha foleni. Mama mdogo akasogea pembeni, akakaa juu ya begi lake, akaniambia niende, yeye atarudi nyumbani.

Akaja baharia mwingine, mtu mzima. Hakumbembeleza wala hakumwambia asiogope. Alimtajia idadi iliyoruhusiwa, akamwambia tiketi zilizokatwa hazijaifikia, akatuongoza hadi kwenye viti vya katikati, sitaha ya chini. Akainama, akavuta jaketi lililokuwa chini ya kiti. Mikanda yake ilikuwa imepigwa fundo, bila shaka na mtoto wa safari iliyopita. Akaifungua kwa meno. Akamvalisha mama mdogo, akamwonyesha mkanda upi hupita wapi, akamvua, kisha akamwambia avae mwenyewe. Akamwonyesha mlango wa karibu na kumwelekeza ahesabu safu za viti hadi pale, ili hata taa zikizimika apapase. "Shikamoo" ya mama mmoja aliyeketi jirani ikamfikia akiwa bado anaeleza, naye akalazimika kurudia maelezo yote, maana safu nzima ilikuwa imegeuka kusikiliza.

Mama mdogo alisafiri. Kijana wa kwanza alimpa matumaini, na matumaini hayo hayakumsogeza hata hatua moja. Baharia wa pili alimpa habari, naye akapanda. Na wale waliokuwa wakimlalamikia kwenye foleni nao walitaka kuzisikia habari hizo hizo. Waliona haya kuuliza.

Hofu nyingine ya msafiri mpya ni kichefuchefu cha bahari, kigegezi kama wanavyokiita watu wa pwani, nacho kinatokana na mambo yanayoeleweka. Sikio la ndani linahisi mwendo, macho yanaona kiti na ukuta visivyotikisika, na ubongo unashindwa kupatanisha habari hizo mbili. Viti vya katikati ya chombo hutikisika kidogo kuliko vya mbele. Kutazama nje, pale bahari inapokutana na mbingu, husaidia. Dawa hunywewa kabla ya kuondoka, kwa sababu ikisubiri kutapika kuanze haipati nafasi. Na msafiri wa mara ya kwanza mwenye uhuru wa kuchagua tarehe asichague kilele cha kusi, Juni hadi Septemba. Hakuna siri yoyote katika hayo. Inahitajika tu mtu wa kumwambia.

Wale wa meli za starehe walifikaje hapo

Turudi kwa wazee wa Kizungu waliomo kwenye picha ya simu. Wanatajwa kama mfano wa watu wasioogopa. Lakini utulivu wao umejengwa juu ya hofu ya watu waliowatangulia na juu ya kelele zilizopigwa hadi zikawa sheria.

Karne ya 19, wamiliki wa meli Uingereza walikuwa wakipakia vyombo vibovu kupita kiasi huku wakijua bima itawalipa. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, alilipigia kelele jambo hilo bungeni hadi akaonekana msumbufu. Sheria ya 1876 ikalazimisha alama ichorwe ubavuni mwa meli kuonyesha mwisho wa kupakia. Alama hiyo, duara lililokatwa na mstari, ipo hadi leo kwenye meli za mizigo na za abiria. Ukisimama bandarini unaweza kuiona kwa macho yako.

Titanic ilipozama Aprili 1912, ilikuwa na watu zaidi ya 2,200 na mashua za kuokolea zenye nafasi za watu 1,178. Haikuwa imevunja sheria, kwa sababu sheria ya wakati ule ilipima mashua kwa uzito wa meli badala ya kuhesabu watu. Walikufa zaidi ya 1,500. Msiba huo ndio uliozaa, mwaka 1914, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unaojulikana kama SOLAS. Na kazi haikuishia hapo. Costa Concordia ilipogonga mwamba katika kisiwa cha Giglio, Italia, usiku wa 13 Januari 2012, mamia ya abiria waliopanda jioni ile hawakuwa wamefanya zoezi la kujiokoa, kwa kuwa kanuni iliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Walikufa watu 32. Kanuni ikabadilishwa, na tangu Januari 2015 zoezi hufanyika kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Kwa hiyo mzee aliyekuja Unguja kwa meli ya kitalii amehesabiwa, jina lake limeandikwa, na ameonyeshwa mahali pa kukusanyika king'ora kikilia. Hahitaji kuwa jasiri. Mama wa Muleba ndiye anayeambiwa awe jasiri, kwa sababu SOLAS inahusu hasa safari za kutoka nchi moja hadi nyingine. Safari za ndani ya nchi, kama Dar es Salaam hadi Unguja, Unguja hadi Pemba, Mwanza hadi Ukerewe, zinaachiwa sheria za nchi yenyewe. Ulinzi wake unategemea sisi wenyewe: shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, TASAC, kwa upande wa Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa upande wa Zanzibar, kampuni zenye vyombo, na abiria wanaokubali au kukataa kupangwa hadi ngazini.

Yanayowezekana kesho asubuhi

Najua hoja ya upande wa pili. Ukara ni kisiwa, gulio ni siku moja, na aliyeachwa gatini na kapu la samaki hapati hasara ya jioni ile tu. Anakosa ada ya mtoto. Boti ikichelewa kwa sababu ya kuhesabu watu, wapo watakaokosa basi upande wa pili. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu ndiyo inayowasukuma watu wazima wenye akili timamu kupanda chombo wanachokiona kimeelemewa. Jibu lake ni kuongeza safari siku za gulio na sikukuu. Tarehe za Idi, Krismasi na kufunguliwa kwa shule huwa zinajulikana mapema, kwa hiyo msongamano wake hauna haki ya kumshangaza yeyote anayeendesha kivuko. Meli kubwa kama MV Mwanza, iliyobuniwa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, inatuongezea nafasi. Nafasi hiyo italinda watu ikiwa tu ukomo wake utaheshimiwa, maana MV Bukoba nayo ilikuwa na ukomo ulioandikwa.

Ninayoyataka hayahitaji mkopo wa benki. Idadi iliyoruhusiwa iandikwe kwa herufi kubwa penye mlango wa kuingilia, na kabla kamba haijafunguliwa nahodha atangaze kwa kipaza sauti: tumeruhusiwa wangapi, tumo wangapi. Kila mtu awemo kwenye orodha, pamoja na mtoto wa mgongoni na aliyepanda dakika ya mwisho, na nakala ya orodha ibaki nchi kavu, kwa sababu orodha iliyozama na meli haimsaidii yeyote. Baharia asimame mbele ya abiria aonyeshe kwa Kiswahili jinsi ya kuvaa jaketi. Nimepanda chombo ambacho maelezo hayo yalikuwa kwenye televisheni iliyozimwa sauti huku muziki ukipigwa, na hakuna aliyeyatazama. Majaketi ya watoto yawepo, na wazazi waonyeshwe yalipo. Na abiria anayebadili mawazo gatini arudishiwe nauli yake bila kuhojiwa wala kuzomewa. Mtu asilazimike kuchagua kati ya roho yake na bei ya tiketi.

Kwetu sisi watoto na wajukuu, wajibu wetu unaanza na kuacha kumcheka. Mama akisema anaogopa, tumuulize anaogopa nini hasa, kisha twende naye bandarini siku moja kabla akaione boti, akauliza maswali yake, akapate majibu kwa wenye chombo. Akiridhika atapanda, na safari itamfurahisha, kwa sababu mkondo wa Unguja asubuhi tulivu ni mahali pazuri sana pa kuwapo. Akikataa baada ya kuona chombo kimejaa hadi mlangoni, tushuke pamoja naye, sote, na tuseme kwa sauti ni kwa nini tumeshuka. Wenye vyombo watajifunza kuhesabu watu siku watakapoona kwamba wasiohesabiwa hawapandi.